Muda wa mgeni upunguzwe, walimu wafanye mazoezi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua tuseme neno kwa wakuu wa shule, maofisa elimu na kamati zinazoandaa makongamano ya walimu. Nia ya makongamano haya ni njema, lakini ukiishika ratiba utaona karibu kila kitu kimemzunguka mzungumzaji mgeni: asubuhi ni kumsubiri, mchana kumsikiliza, jioni kumshukuru na kupiga naye picha. Mazoezi ya walimu wenyewe hubanwa kwenye nusu saa ya mwisho, na hiyo nayo huliwa na hotuba zilizopitiliza. Sisi tunaoendesha mafunzo kazini tunaomba mpangilio huo ugeuzwe. Mgeni apewe muda mfupi, mazoezi yapewe sehemu kubwa ya siku, na ufuatiliaji upangwe kabla hata ukumbi haujatafutwa.

Hatusemi kwa kukisia. Bruce Joyce na Beverly Showers, watafiti wa mafunzo ya walimu, walieleza tangu 1980 kwamba maelezo na maonyesho peke yake ni nadra kufika darasani. Mwalimu anahitaji kujaribu, kukosolewa, na kupata mtu wa kumshika mkono akisharudi kazini. Mwaka 2007 Kwang Suk Yoon na wenzake nchini Marekani walipitia tafiti zaidi ya 1,300 kuhusu mafunzo ya walimu wakabaki na 9 tu zilizotimiza vigezo vyao vya ushahidi. Mafunzo yenye jumla ya zaidi ya saa 14 yaliinua ufaulu wa wanafunzi. Yale ya saa 5 hadi 14 hayakuonyesha tofauti ya kutegemewa. Kongamano la siku moja, ukitoa ufunguzi na mapumziko, lina saa 5 au 6 za kazi. Hata mgeni awe bingwa wa namna gani, saa hizo hazitoshi. Ila zinaweza kuwa mwanzo mzuri zikiandaliwa kama mwanzo.

Tuanze na mada. Mada pana kama "mwalimu wa karne ya 21" humwachia mgeni aseme lolote. Mada nzuri hutoka kwenye madaftari ya wanafunzi. Wiki 6 kabla ya siku yenyewe, kila shule ikusanye madaftari 20 ya darasa moja na somo moja, na walimu wawili wa somo hilo waandike kosa linalojirudia. Kwa mfano, wanafunzi wanajumlisha 1/2 na 1/3 na kuandika 2/5. Wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Kosa hilo moja linawatosha walimu wa hisabati siku nzima, kwa kuwa ndani yake mna namna ya kuuliza swali, kutumia zana, na kupokea jibu lisilo sahihi bila kumvunja moyo mtoto.

Barua ya kumwalika mgeni itoke si chini ya wiki 4 kabla. Barua nyingi hutaja tarehe, ukumbi na mada, basi. Inayofaa humweleza idadi ya walimu, madarasa wanayofundisha, wastani wa wanafunzi katika chumba kimoja, na zana zilizopo na zisizokuwapo. Huambatana na nakala 3 za kazi za wanafunzi zenye lile kosa, majina yakiwa yamefichwa. Humwomba mambo mawili: azungumze kwa dakika 40 na zisizidi, na alete kazi moja ambayo walimu wataifanya palepale. Wiki 2 kabla, mratibu ampigie simu waipitie kazi hiyo pamoja. Simu hii ndiyo inayosahaulika mara nyingi, na matokeo yake ni mgeni kuja na slaidi 70 alizowatayarishia watu wengine, zikionyesha darasa la wanafunzi 25 wenye kompyuta, huku mbele yake wameketi walimu wanaofundisha 80 kwa chaki na ubao.

Viti visipangwe kwa safu. Kwa walimu 80 ziwekwe meza 16 za watu 5, kila meza somo moja na ngazi moja, na mwezeshaji mmoja kwa kila meza 4. Wawezeshaji hao 4 wafanye mazoezi ya siku nzima siku iliyotangulia. Kila meza ipate karatasi 3 za bango kitita, kalamu rashasha 2 na kazi za wanafunzi zilizochapwa, ili umeme ukikatika shughuli isisimame. Kipaza sauti kijaribiwe mapema, mtu akisikiliza kutoka kiti cha nyuma kabisa.

Faida kubwa ya mgeni hodari huonekana anapofundisha mbele ya walimu. Achukue lile jibu la 2/5 na asiseme "umekosa". Aulize: "Kati ya 2/5 na 1/2, ipi kubwa?" Kisha anyamaze. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza. Wanaposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu hurefuka na wanafunzi waliozoea kukaa kimya huanza kusema. Sekunde 3 za kimya mbele ya darasa ni ndefu kuliko mtu anavyodhani, ndiyo maana walimu wanapaswa kuzishuhudia. Baada ya hapo zigawiwe karatasi mbili ndefu zinazolingana, moja ikunjwe sehemu mbili sawa, nyingine sehemu tano sawa. Zikiwekwa sambamba, 2/5 inaishia kabla ya nusu. Inakuwaje nusu iongezwe kitu halafu ipungue? Hapo mwanafunzi mwenyewe huanza kulitilia shaka jibu lake, na njia ya kutafuta vipande vilivyo sawa, 3/6 na 2/6, hadi 5/6, humjia ikiwa na sababu.

Sasa zamu ya walimu, dakika 70. Kumi za kujiandaa, kisha kila mmoja mezani afundishe dakika 7 na kukosolewa dakika 5. Watano wanamaliza kwa saa moja. Wenzake wawe wanafunzi, na kila mmoja apewe kadi yenye jibu lisilo sahihi analopaswa kulitoa. Bila kadi hizo walimu hujibu kila kitu sawasawa, na mwalimu aliyesimama hakutani na lile analokutana nalo darasani. Anayekosoa aseme jambo moja aliloliona na jambo moja la kubadilisha. Sifa za jumla kama "umefanya vizuri sana" zisipokelewe.

Kipindi cha maswali nacho kina dawa yake. Kipaza sauti kikizungushwa, wasemaji wawili wa mwanzo humaliza muda. Kila meza iandike swali moja kwenye karatasi, mwenyekiti achague 4.

Kuhusu waalikwa, kosa kubwa ni kuita mwalimu mmoja mmoja kutoka shule nyingi. Anarudi peke yake, hana wa kujaribu naye, na ndani ya wiki chache anarejea alikozoea. Waitwe wawili wa somo lilelile kutoka kila shule, na mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma ahudhurie walau sehemu ya mazoezi. Asipoyaona, ataendelea kukagua maandalio ya somo kwa vigezo vya zamani, na mwalimu atafuata kile kinachokaguliwa.

Kila mwalimu aondoke na andalio la somo lenye tarehe ya kufundishwa. Ndani ya siku 14 mwenzake aketi nyuma ya darasa lake, aandike mambo mawili tu: alisubiri sekunde ngapi baada ya swali, na wanafunzi wangapi tofauti walijibu. Mwaka 2018 Matthew Kraft na wenzake walichambua tafiti 60 kuhusu msaada wa aina hii, wa mwalimu kufuatiliwa na kushauriwa kazini. Walikuta unaboresha ufundishaji na matokeo ya wanafunzi, ingawa nguvu yake hupungua mradi unapopanuliwa. Ni heri kuanza na shule 10 zitakazofuatiliwa kweli kuliko 60 zitakazojaza ukumbi. Fedha zikipungua, zikatwe kwenye mabango, fulana na mikoba, lakini ufuatiliaji usiguswe.

Fomu ya tathmini inayojazwa jioni ile huonyesha tu kama watu walifurahi. Thomas Guskey, mtaalamu wa tathmini ya mafunzo ya walimu, katika ngazi zake 5 za tathmini alizoziandika mwaka 2000, aliiweka furaha hiyo ngazi ya kwanza. Ya mwisho ni kujifunza kwa wanafunzi. Kwa hiyo uwepo mkutano wa pili wiki 6 baadaye, kila shule ije na madaftari 20 ya darasa lilelile yenye maswali ya aina ileile, yahesabiwe majibu ya 2/5 yaliyobaki. Na cheti kitolewe siku hiyo ya pili, kwa mwalimu aliyekuja na andalio lake, maandishi ya mwenzake na madaftari.

Wenu,
Wawezeshaji wa mafunzo ya walimu kazini