Ndege aliyeogopa ndege, na santuri iliyododa mwaka 1974

Mhariri,

Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti likifika hapa kibandani huwa naanza na michezo alafu burudani, na leo naomba nafasi niandike kuhusu muziki wa kantri kwa sababu kuna jambo limenikaa rohoni karibu mwaka mzima sasa. Watu wanadhani kantri ni ya watu wa bara, Nakuru na Eldoret na Nyeri huko, lakini hata sisi wa Pwani tupo. Marehemu babangu alikuwa kibarua bandarini Kilindini na Jumapili haikupita nyumbani bila Jim Reeves, akitoka huyo anaingia Skeeter Davis, alafu Kenny Rogers, na ukimwomba abadilishe kaseti anakugeuzia upande wa pili wa kaseti ileile.

Sasa kilio changu ni kwamba tumeganda palepale alipotuacha babangu. Ukifungua redio saa za kantri ni nyimbo zilezile ishirini, unajua kabisa baada ya huu unafuata upi. Sisemi ni mbaya, nyimbo hizo zimetulea na zikipigwa matangani hata mi machozi hunitoka. Lakini kantri ni pana jamani, na kuna albamu moja ya 1974 inaitwa No Other, ya mtu anaitwa Gene Clark, ambayo huko Marekani na Uingereza watu wameichimbua upya na wanaipenda kama imetoka juzi, na hapa kwetu sijasikia hata mtangazaji mmoja akiitaja.

Mi ni fundi wa redio na simu hapa Likoni. Siku niliyomsikia mara ya kwanza ilikuwa jioni, nilikuwa najaribu spika ya mteja, nimeweka Eagles, lile kundi la Marekani, kwa simu kwa sababu wale ukiwasikia vizuri ujue spika imepona, wimbo ukaisha, simu ikaendelea yenyewe kuchagua. Likaingia gitaa la mbao taratibu, alafu sauti ya mwanaume, nyembamba juu huko, kama mtu anayeimba usiku akiogopa kuamsha watoto. Nikaweka chuma cha moto chini. Nikaangalia jina, Silver Raven, yani kunguru wa fedha. Sasa we mtu wa Mombasa unamjua kunguru, kunguru kwetu ni adui, anaiba samaki, anakuamsha alfajiri na kelele juu ya bati, na huyu bwana anamwimbia kunguru kwa heshima namna hiyo mpaka nikatoka nje nikawaangalia waliojaa kwenye mwembe wa jirani. Spika ya mteja nilikaa nayo siku mbili zaidi, namwambia bado naijaribu.

Basi nikaanza kumtafuta huyu mtu ni nani. Gene Clark alizaliwa 1944 Tipton, mji mdogo wa jimbo la Missouri, mmoja kati ya watoto 13. Mwaka 1964 akiwa Los Angeles akaanzisha na wenzake kundi la The Byrds, jina ambalo ukilitamka ni ndege tu, wamebadilisha herufi moja. Kundi likalipuka kwa umaarufu 1965, na ukitoa zile nyimbo walizochukua kwa Bob Dylan na wengine, aliyekuwa anatunga zaidi ni yeye. Shida yake alikuwa anaogopa sana kupanda ndege. Mapema 1966 walikuwa wanasafiri kutoka Los Angeles kwenda New York, ameshaingia, ameshakaa, hofu ikamshika, akashuka, na ikawa ndio mwisho wake kwenye kundi. Yani ndege aliyeogopa ndege. Na kinachoniuma ni kwamba wakati huohuo wimbo mpya wa kundi ulikuwa Eight Miles High, unaohusu safari yao ya ndege kwenda London, na yeye ni mmoja wa walioutunga.

Hapa ndipo nataka wasomaji wakae kitako, hasa nyinyi wa Eagles. Alipotoka The Byrds, mwaka 1968 Clark aliungana na mpiga banjo Doug Dillard wakatoa albamu yenye kantri na bluugrasi ndani, yani ule muziki wa zamani wa banjo na fidla, kabla watu wengi hawajaanza kuchanganya kantri na roki. Kwenye kikosi hicho kulikuwa na kijana anaitwa Bernie Leadon, wakatunga naye wimbo unaitwa Train Leaves Here This Morning. Huyo Leadon baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa Eagles, na wimbo huo upo kwenye albamu ya kwanza kabisa ya Eagles, 1972, nendeni mkaangalie. Alafu yule Timothy B. Schmit aliyeingia Eagles 1977, ile sauti nyororo ya I Can't Tell You Why, anaitikia kwenye hiyo No Other. Na lebo, yani kampuni iliyotoa santuri zao, ni moja, Asylum ya David Geffen. Kwa hiyo kila hoteli ya ufuoni inapopiga Hotel California saa nne usiku, hapohapo nyuma kuna huyu mtu, ila tumewapenda watoto baba yao hatumjui.

Turudi kwa albamu yenyewe. Clark alikuwa amehama mji akaenda kukaa na mkewe na watoto kaskazini mwa California, pande za Mendocino, nyumba inatazama bahari ya Pasifiki. Alisema mwenyewe kwamba nyimbo zile alizitunga akiwa anakaa anaangalia bahari tu. Sisi wa Pwani hilo halihitaji kuelezwa, bahari ukiiangalia sana huanza kukuuliza maswali. Ndio maana humo ndani hakuna mambo ya farasi na baa na mke aliyetoroka, ni mtu anauliza roho yake ilipo na kwa nini watu hawaelewani.

Akazichukua nyimbo hizo mpaka studio, Los Angeles, 1974, prodyuza akiwa Thomas Jefferson Kaye, na huyo Kaye hakubana mkono. Wakaita watu. Leland Sklar kwenye besi, Russ Kunkel kwenye drami, Jesse Ed Davis kwenye gitaa, Chris Hillman mwenzake wa zamani wa The Byrds akapiga mandolini, na akina mama wa kuitikia kina Clydie King na Venetta Fields, sauti za kanisani kabisa hizo. Wimbo wenyewe wa No Other besi yake inanguruma kama lori linapanda kilima, nusu ni fanki, hakuna mtu wa kantri alikuwa anafanya hivo. Strength of Strings unaanza bila maneno, ni sauti tu zinapanda ngazi kwa ngazi, we umekaa unangoja, alafu yeye anaingia unahisi kama mlango umefunguliwa. Some Misunderstanding una dakika zaidi ya nane na sijawahi kuurusha hata siku moja. Na kwa wale watakaosema hii si kantri basi waanzie The True One, wataelewana nayo palepale.

Mwisho wa yote zikatoka nyimbo nane, na hesabu inayosimuliwa ni zaidi ya dola 100,000, pesa nyingi sana wakati ule. Geffen inasemekana alikasirika, pesa yote hiyo nyimbo nane tu? Lebo haikuipigia debe, ikafika nafasi ya 144 kwenye chati ya Billboard, ile ya albamu zinazovuma Marekani, ikadoda. Jalada nalo sidhani lilisaidia. Mbele kuna picha zimebandikwa-bandikwa kwa mtindo wa Hollywood ya miaka ya 1920, nyuma yuko yeye amevaa mavazi mapana ya kifahari, uso umerembwa, na mtu aliyekuwa anamjua kama kijana wa Missouri na gitaa lake angeuliza huyu ni nani tena. Mi jalada nalipenda, lakini nawaelewa waliopita nalo dukani wakaliacha. Miaka michache tu ikaondolewa kabisa sokoni.

Hilo lilimvunja. Aliamini kwamba hiyo ndio kazi yake kubwa kuliko zote, akaiona inaoza. Pombe ikamshika. Nyimbo zake zikawa zinawapa wengine sifa, Tom Petty akaimba wimbo wake wa siku za The Byrds 1989 ukasikika kila mahali. Januari 1991 The Byrds waliingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa roki na alikuwepo, na tarehe 24 Mei mwaka huohuo akafariki, miaka 46 tu. Walimrudisha kumzika Tipton, na kwenye kaburi lake chini ya jina wameandika No Other. Mi nilipoiona picha ya jiwe hilo nilinyamaza.

Sasa angalieni albamu ilivyorudi, maana haikurudishwa na pesa za matangazo. Ilirudishwa na wasikilizaji, mtu anamrekodia mwenzake kaseti, mwenzake naye anampa mwingine. Mwaka 1986 kundi la This Mortal Coil la lebo ya Uingereza inaitwa 4AD likaimba upya Strength of Strings, vijana wa huko wakaanza kuuliza wimbo huu wa nani. 2007 Robert Plant na Alison Krauss wakaweka nyimbo mbili za Clark za siku zile za Dillard kwenye albamu yao, na albamu hiyo ikachukua Grammy ya albamu ya mwaka. 2014 kundi la Beach House la Baltimore likakusanya wenzao, Robin Pecknold wa Fleet Foxes, Daniel Rossen wa Grizzly Bear na wengine, wakazunguka wakiipiga No Other nzima mbele za watu, wimbo wa kwanza mpaka wa nane, kwa mpangilio uleule. Pecknold na Rossen mwaka 1974 hawakuwa hata wamezaliwa. Alafu 2019 lebo ileile ya 4AD ikairudisha madukani, wakaenda kwenye kanda zenyewe za studio wakazisafisha upya, ikauzwa kwa heshima kama kitu cha thamani. Hapo miaka 45 ilikuwa imepita, na mwenyewe alikuwa na miaka 28 kaburini.

Nikaona na sisi tusibaki nyuma. Nilituma ujumbe kwa stesheni moja, sitaitaja, kipindi cha kantri, nikaomba Life's Greatest Fool. Mtangazaji akasoma jina langu hewani, nikafurahi, alafu akasema huyo msanii hatunaye, wacha nikupigie Kenny Rogers. Sikumlaumu kwa kutokuwa nao, nilichosikitika ni kwamba hata hakuuliza ni nani. Wimbo upo kwa simu ya kila mtu, ni dakika mbili kuutafuta.

Maana msije mkaniambia watu wetu hawataupenda. Hapa kibandani kuna mzee anauza madafu, Kizungu hajui hata cha salamu, hupumzika kwangu jua likiwa kali. Wiki ya kwanza alisikiliza kimya. Wiki ya pili akaniambia, "Fundi, niwekee ule wa wamama wanaoitikia." Nikamuuliza upi mzee wangu, wako kwenye nyimbo nyingi. Akainua mkono akanipigia makofi ya mdundo wenyewe, taratibu, hakukosea hata kimoja, na ulikuwa huohuo Life's Greatest Fool, ulionyimwa redioni. Siku hizi akifika huwa hasemi, anapiga makofi mawili tu na mi najua. Yuko na kijana wa bodaboda pia ameuchukua, na dada wa M-Pesa wa jirani ameomba Silver Raven, kwa hiyo tushakuwa wanne.

Ninachoomba, Mhariri, ni hivi. Ukurasa wenu wa burudani umpe huyu mtu nafasi hata nusu safu, na watangazaji wa kantri wanaosoma gazeti hili wamweke hata mara moja kwa mwezi, katikati ya Jim Reeves na Dolly Parton, hatawaaibisha. Wanamuziki wetu wa kantri pia, kina Sir Elvis na wengine wanaopiga Nairobi, wakiujaribu The True One jukwaani mi nitapanda SGR kuja kusikiliza.

Na kama kuna msomaji popote alipo, Mombasa, Nairobi, hata Tanga, ambaye mzazi wake au tajiri wake wa zamani aliacha santuri na ndani mmoja wapo ni huu wa 1974 wenyewe, naomba anitafute kupitia gazeti. Pale Kenyatta Market, Nairobi, kwenye santuri za zamani nimeshapekua mara mbili sikuuona. Siuombi aniuzie, pesa hiyo sina. Gramofoni ninayo, nimeitengeneza mwenyewe, mkanda mpya, sindano mpya, aje nao tu tuusikilize pande zote mbili, chai na mahamri juu yangu, na mzee wa madafu nitamwambia afike mapema.

Fundi wa redio,
Likoni, Mombasa