Kusasisha Windows si kusasisha Boot Camp

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo safu za teknolojia hulipita juu juu, nalo ni usasishaji wa programu saidizi za Boot Camp, programu ya Apple ya kuiwezesha Windows kufanya kazi kwenye Mac, kwa sisi tunaotumia Windows ndani ya kompyuta za Mac zenye prosesa za Intel. Ushauri tunaopewa karibu kila mara ni kwamba tukiona hitilafu tusasishe Windows. Mara nyingi dawa haiko huko.

Boot Camp, ambayo Apple iliitoa kwa majaribio mwaka 2006, ina kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Huigawa diski ili Windows ipate sehemu yake, kisha huipatia Windows hiyo viendeshi, ndizo programu saidizi ninazozisema, yaani programu ndogo zinazoiwezesha kuelewana na spika, kamera, kibodi, padi ya kugusia na Wi-Fi za mashine husika. Kazi ya kwanza hufanyika mara moja ikaisha, lakini viendeshi huzeeka. Windows ikisonga mbele navyo vikabaki vya zamani, sauti inaweza kupotea, mwanga wa skrini ukagoma kupungua, au padi ikaanza kurukaruka.

Yalinikuta mimi mwenyewe. Fundi aliniambia spika zangu zimekufa na sharti zibadilishwe. Nilipoiwasha kompyuta upande wa macOS, mfumo wa Apple wenyewe, spika zile zile zilitoa sauti bila kasoro. Kipimo hicho hakina gharama, na kinafaa kifanywe kabla ya mtu kutoa fedha yoyote, kwa kuwa kifaa kinachofanya kazi upande mmoja na kugoma upande wa pili ni nadra kuwa kibovu.

Ndani ya Windows huwa kuna Apple Software Update, iliyosakinishwa pamoja na Boot Camp, na kwa kawaida inatosha kuifungua, kukubali masasisho ya Boot Camp na kuiwasha kompyuta upya. Isipofua dafu, rudi kwenye macOS, uisasishe kwanza, kisha ufungue Boot Camp Assistant na kuchagua katika menyu yake kupakua programu saidizi za Windows. Zinakiliwe kwenye flashi iliyoumbizwa kwa FAT, mpangilio wa faili unaosomwa na Mac na Windows pia, halafu ukiwa Windows ufungue folda ya BootCamp na kuendesha Setup. Programu hizo hupakuliwa kulingana na modeli ya kompyuta inayoziomba, kwa hiyo kuazima flashi ya rafiki mwenye Mac ya aina nyingine, jambo ambalo nami nimewahi kulifanya kwa uvivu, ni kujitafutia matatizo mapya.

Haya yote hayawahusu wenye Mac za chipu za Apple, zilizoanza kutoka Novemba 2020, maana Boot Camp haifanyi kazi humo kabisa. Hata sisi wa Intel tuna ukomo: Apple imetuletea viendeshi hadi Windows 10, ambayo Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Ombi langu ni kwamba msomaji atakapowaandikia tena akilalamikia Windows ndani ya Mac, mwandishi wenu amuulize kwanza prosesa yake ni ipi, na ni lini mara ya mwisho alisasisha programu hizo saidizi.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi