Somo la uhai angani lianzie Uvinza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme neno kuhusu astrobiolojia, yaani elimu inayochunguza asili ya uhai na uwezekano wa kuwapo kwake nje ya dunia, ambayo hapa Ujiji imegeuka mada ya mabarazani tangu vijana wetu wanne waliporudi likizo wakiwa wamemaliza kozi yake ya utangulizi. Kozi hiyo waliifuata kwa intaneti kutoka chuo kikuu kimoja cha ng'ambo, huku kila mmoja akiendelea na masomo yake ya kawaida nchini: mmoja anasomea uuguzi, mmoja sheria, mmoja uhandisi wa maji na mmoja ualimu. Wazazi wao wananung'unika kwamba fedha za bando zimeteketea katika kutafuta majini huko Mirihi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa biolojia, na kwa kuwa sipendi kuhukumu somo nisilolijua, niliwaalika vijana hao barazani kwangu jioni tatu mfululizo, nikawauliza jambo moja tu: kozi hiyo imewafaa nini, na imewakwaza wapi.

Nilitazamia wanieleze habari za roketi. Badala yake, binti wa uuguzi alianza na jaribio ambalo halikufaulu, au tuseme halikueleweka. Mwaka 1976 vyombo viwili vya Marekani vilivyoitwa Viking vilitua Mirihi vikiwa na majaribio matatu ya kutafuta uhai. Katika mojawapo, udongo wa huko ulidondoshewa lishe iliyotiwa kaboni yenye mnururisho, na punde hewa yenye kaboni hiyo ikaanza kutoka, kama ambavyo ingetoka endapo kuna kiumbe kinachokula lishe ile. Hata hivyo kifaa kingine katika chombo hicho hicho hakikuona dalili za kuaminika za viambato vya kaboni ambavyo mwili wa kiumbe hauwezi kuvikosa, na wanasayansi wengi wakaamua kwamba lililotokea ni kemia ya udongo wenyewe. Mwaka 2008 chombo kingine, Phoenix, kiligundua katika udongo wa Mirihi chumvi aina ya perklorati, ambazo zikipashwa moto huviharibu viambato vile, na kwa kuwa kifaa cha Viking kilifanya kazi kwa kuupasha udongo moto, mjadala ukafufuka. Binti huyo aliniambia kuwa wiki ile moja ya kozi ilimfundisha kusoma majibu ya vipimo kuliko muhula mzima wa maabara, kwa sababu hapa Kigoma yeye hukutana na mgonjwa aliyekwisha kutibiwa malaria ambaye kipimo cha haraka huendelea kumwonyesha kuwa anayo kwa wiki kadhaa, ingawa vimelea vimekwisha kufa. Kipimo hakidanganyi, alisema, ila kinajibu swali tofauti na lile uliloliuliza. Nilifundisha kwa miaka thelathini, na sikumbuki kama nilipata kulieleza jambo hilo vizuri namna hiyo.

Kijana wa sheria hakuridhika, na maoni yake nayapa uzito uleule. Lililomkera ni mlinganyo wa Frank Drake wa mwaka 1961, ambao hukadiria idadi ya jamii zenye uwezo wa kuwasiliana katika galaksi yetu ya Njia ya Maziwa, yaani mkusanyiko mkubwa wa nyota ambamo jua letu limo, kwa kuzidisha vigezo saba, kuanzia kasi ya kuzaliwa kwa nyota hadi muda ambao jamii hizo hudumu zikituma mawimbi. Alilalamika kwamba vigezo vya mwanzo vinapimika, lakini vya mwisho ni kubahatisha, na kwamba hakuna hakimu ambaye angepokea ushahidi wa namna hiyo. Hapo mhandisi wa maji alimwonyesha ziwa. Usiku ule haukuwa na mbalamwezi, na taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimetapakaa majini hadi upeo wa macho. Akamwambia: hesabu taa, kisha uniambie wavuvi wangapi wako ziwani. Yule wa sheria akajibu kwamba angejua taa tu, kwani mvuvi aliyezima taa yake, au ambaye bado hajaiwasha, asingemwona kamwe. Basi, akaambiwa, hicho ndicho kigezo cha saba. Walibishana hadi mke wangu akatuletea chai mara ya pili, na sidhani kama walifikia mwafaka, lakini kwa maoni yangu kozi ya utangulizi inayowafanya mwanasheria na mhandisi wabishane juu ya kipi ni ushahidi na kipi ni kisio haistahili kuitwa anasa.

Suala la imani, ambalo nilidhani lingetuchukua jioni nzima, lilikwisha kwa dakika tano. Jirani yangu mzee aliyekuwa akitusikiliza alisema kwamba katika kila swala anamtaja Mola wa walimwengu wote, na hajapata kuambiwa walimwengu hao wanaishia wapi. Malalamiko kuhusu hesabu za nyota nayo nayapita, maana mwanafunzi asiyelalamikia hesabu bado sijamwona.

Lililowaunganisha wote wanne, na ndilo hasa linalonifanya nikuandikie, ni kwamba kozi nzima hawakukuta humo kitu chochote cha kwao. Walisoma kwa kina kuhusu kimondo cha Murchison kilichoanguka Australia mwaka 1969 na kukutwa na asidi amino, zile zinazojenga protini. Kumbe nchi yetu ina kimondo kinachostahili heshima hiyo hiyo. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka kimondo Ivuna, kusini-magharibi mwa nchi, si mbali na Ziwa Rukwa, na kilichookotwa kilikuwa na uzito wa takriban gramu 700 tu. Ni cha aina adimu kiasi kwamba kundi zima la vimondo vya jinsi hiyo huitwa CI, na herufi I hapo ni Ivuna. Mwaka 2001 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba nacho kina asidi amino. Tena chombo cha Wajapani, Hayabusa2, kilipoleta duniani mnamo Desemba 2020 gramu zipatazo tano za udongo wa asteroidi Ryugu, yaani jiwe kubwa linalolizunguka jua, wachunguzi waliona kuwa udongo huo unafanana mno na vimondo vya kundi la Ivuna. Nilipowaeleza hayo, kijana wa ualimu alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa nini alifika mwaka wa tatu wa chuo bila kulisikia jina hilo, na sikuwa na jibu la kumpa. Kimondo cha Mbozi wanakijua, kwa kuwa ni kikubwa na watalii hupiga picha mbele yake.

Ziwa lenyewe nalo ni darasa. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, lakini samaki tunaowala, dagaa na migebuka, huishi katika tabaka la juu tu, kwa sababu kuanzia kina cha mita 100 hadi 200 hivi, kutegemea uko kaskazini au kusini, oksijeni hukoma. Chini ya hapo ni giza na maji yenye methani na ile gesi inayonuka kama mayai viza, na wakazi wake ni vijidudu visivyohitaji jua wala oksijeni. Mwanafunzi anayeambiwa awaze bahari iliyofunikwa na barafu katika Europa, mwezi wa Mshtarii, angeanza kwa urahisi zaidi kama angeambiwa awaze yaliyo chini ya mtumbwi wa baba yake.

Vivyo hivyo Uvinza. Watu wamechemsha chumvi pale kutokana na chemchemi za maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mwaka 2005 chombo cha Cassini kiliona maji yakiruka kutoka Enceladus, mwezi mdogo wa Zohali, na baadaye ikajulikana kuwa chembe za barafu zinazotoka humo zina chumvi ya aina ileile tunayoitia mchuzini. Swali la kozi, kwamba uhai unaweza kustahimili chumvi kwa kiasi gani, lingeweza kuulizwa kwenye mabwawa ya Uvinza kwa nauli ya treni.

Kwa hiyo naviomba vyuo vikuu vyetu viifikirie kozi ya namna hii kama somo la hiari la mwaka wa kwanza, iwe wazi kwa wanafunzi wa fani zote, na mazoezi yake yafanyike katika maeneo niliyoyataja. Vijana wangu wanataka iwe ya lazima. Hapo sikubaliani nao, kwa kuwa somo la lazima hukaririwa na kusahauliwa. Kuhusu lugha, ningependa wahadhiri waifundishe wakiwa na istilahi za Kiswahili mkononi, maana nilishuhudia wanafunzi wenye alama nzuri wakishindwa kumweleza mama mzazi maana ya ukanda wa nyota unaofaa kwa uhai, hadi mmoja wao alipotumia mfano wa mafiga na umbali wa kukaa ili uote moto bila kuungua.

Wiki iliyopita kijana wa ualimu alirudi kutoka Uvinza na chupa ya maji ya chumvi, na sasa iko dirishani kwangu. Nimeandika barua kwa shule moja ya jirani kuomba tuazimwe hadubini kwa siku mbili, nami bado nasubiri jibu.

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma.