Wanawake waliobaki na mashamba wakati wa vita nao wana haki ya ardhi

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi watu wa Nyanza na Magharibi hulikumbuka nusu nusu. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vikitajwa, husimuliwa habari za vijana wetu waliotwaliwa kwa nguvu wawe wapagazi wa jeshi la Waingereza, wakafa kwa maelfu kwa kuhara, malaria na njaa katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Wanastahili kukumbukwa. Lakini ni nadra kusikia habari za wake zao, ambao walibaki wakilima peke yao, wakachunga mifugo na kuamua nafaka ipi iuzwe na ipi iwekwe, huku kodi ya mkoloni ikiendelea kudaiwa. Vita vya pili vilipozuka mwaka 1939, wanaume walipelekwa Uhabeshi na Burma, na wanawake wakakabiliana na uhaba wa chakula wa mwaka 1943.

Amani iliporudi, jembe lilibaki mikononi mwa wanawake, kwa kuwa wanaume wengi walikwenda kutafuta kazi katika mashamba ya walowezi, reli na mijini. Hata hivyo, Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, yaani mpango wa serikali ya kikoloni wa kubadili kilimo na umiliki wa ardhi nchini Kenya, ulipoleta upimaji wa ardhi na hatimiliki, majina yaliyoandikwa yalikuwa, kwa sehemu kubwa sana, ya wanaume. Dhuluma hiyo naiona kubwa kuliko kusahauliwa katika historia, kwa sababu hati zile ndizo zinazotumiwa kumfukuza mjane hadi leo.

Rwanda ilibaki na wajane wengi mno baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, na mwaka 1999 ikatunga sheria iliyompa binti haki ya kurithi sawa na kaka yake. Sisi Wakenya tuna Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 60 kinataka ubaguzi wa kijinsia katika ardhi uondolewe. Kinachokwamisha ni barua ya chifu inayotaja warithi wa marehemu: wazee wa ukoo hupeleka orodha ya wana wa kiume tu, na mjane hupata habari shamba likiwa limeshauzwa.

Nawasihi machifu wa Kisumu, Siaya, Kakamega na Busia wasitie sahihi barua hiyo kabla ya kumwita mjane na mabinti wote, walioolewa na wasioolewa, wakasikizwa wenyewe.

Msomaji wako,
Kisumu