Mtumbwi juu ya gari haufungwi kwa blada

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wenzangu wanaosafirisha mitumbwi juu ya paa za magari kutoka Nairobi kwenda Naivasha, Sagana na Masinga, pamoja na mafundi wa jua kali wanaotuundia keria za kuibebea. Jumamosi iliyopita asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya Waiyaki Way karibu na Kangemi, niliona mbele yangu gari dogo lililobeba mtumbwi wa faiba uliolazwa kifudifudi. Kilichoushika kilikuwa vipande vinne vya blada, zile raba nyeusi zinazokatwa kutoka kwenye tyubu za magurudumu, ambazo waendeshaji bodaboda hufungia kreti za mikate na magunia ya makaa. Kila gari liliposimama na kuondoka, omo ya mtumbwi, yaani ncha yake ya mbele, ilinyanyuka kiasi cha upana wa kiganja, kisha ikaketi tena. Mwendo wenyewe haukuzidi wa mtu anayetembea. Nilimpungia dereva mkono, lakini foleni ikafunguka akaenda zake, na tangu siku hiyo sijatulia.

Blada ni kifaa kizuri mahali pake. Gunia la makaa kwenye pikipiki hukandamiza chini kwa uzito wake, na kazi ya raba ni kulizuia tu lisiyumbe. Mtumbwi juu ya gari ni kinyume cha hayo, kwa maana hatari yake haitoki kwenye uzito bali kwenye upepo unaoingia chini ya omo na kuuinua. Ukiwa kifudifudi huwa kama kiganja kilichokunjwa kuelekea mbele, na nguvu ya upepo huo haiongezeki sambamba na mwendo: gari likitoka kilomita 50 kwa saa hadi 100, nguvu inayouvuta mtumbwi huwa mara nne ya ile ya mwanzo. Raba ikivutwa hurefuka, ikirefuka omo hupanda, na omo ikipanda upepo hupata mahali pakubwa zaidi pa kushika. Kwa hiyo kifungo kinachonyumbuka huzidi kushindwa kila kinapohitajika zaidi, hata kama mkononi, gari likiwa limesimama nyumbani, kilionekana kukaza sana.

Nayasema haya nikiwa nimeonja. Miaka mitatu iliyopita fundi mmoja alinichomelea keria ya bomba la mraba la inchi moja na nusu, akaipaka rangi nyeusi, ikapendeza. Mimi sikutumia raba; nilinunua mikanda miwili mizuri ya kufungia mizigo, nikaikaza na kuondoka nikiwa na imani kamili. Tulipokuwa tunateremka kutoka Kinungi kuelekea Naivasha, lori kubwa lilitupita kutoka upande wa pili na pumzi yake ikatupiga ubavuni, kisha nikasikia juu ya kichwa changu mlio kama wa turubai linalochanika. Nilitoka barabarani taratibu na kushuka. Mkanda wa mbele ulikuwa umekatika nusu ya upana wake, nyuzi zimesimama kama manyoya, mahali hasa ulipozunguka ncha ya bomba. Nilipopitisha kidole kwenye ncha hiyo kilitoka damu. Fundi alikuwa ameikata kwa mashine ya kusaga chuma na kuiacha hivyo, bila kuipiga tupa wala kuiziba, na rangi ilikuwa imefunika makali yale kiasi kwamba jicho halikuyaona.

Ndiyo maana naomba sana mafundi wanaopokea kazi hizi, iwe Gikomba, Kariobangi au kando ya Ngong Road, wasimkabidhi mteja keria kabla ya kulainisha kila ncha na kila pembe ambayo mkanda unaweza kuigusa. Ni kazi ya dakika kumi kwa tupa ya mkono. Vilevile bolti zinazoshika keria zipewe washa pana na nati za kujifunga, zile zenye pete ya plastiki ndani, kwa sababu nati ya kawaida hulegezwa na mtetemo wa barabara. Anayetaka kujiundia mwenyewe asione aibu kutumia mbao. Mbao ya mbili kwa nne iliyokauka vizuri na kufungwa kwa bolti, si misumari, hubeba mtumbwi bila taabu, haikwaruzi kingo zake na haina makali ya kukata mkanda.

Ugumu mkubwa uko pale keria inapokutana na gari. Magari ya zamani kama Peugeot 504 na Land Rover yalikuwa na mfereji wa maji ya mvua pembezoni mwa paa, na mfereji huo ulikuwa wa chuma kigumu cha kushikwa na kibano. Magari mengi tunayoendesha sasa hayana mfereji, hivyo mafundi hupinda vipande vya bati nene na kuvining'iniza kwenye ukingo wa mlango. Vipande hivyo hushika vizuri vikisukumwa chini, lakini vikivutwa juu huweza kunyooka. Isitoshe, magari madogo mengi yameundwa kubeba kati ya kilo 50 na 75 juu ya paa, na uzito wa keria yenyewe umo ndani ya hesabu hiyo. Niliwahi kupima keria moja ya vyuma vya pembe ikafika kilo 28, nayo ilikusudiwa kubeba mitumbwi miwili ya kilo 30 kila mmoja. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza gari kubebeshwa mzigo unaozidi kiwango cha mtengenezaji, na kijitabu cha gari huonyesha kiwango cha paa. Kisomwe kabla ya chuma kununuliwa.

Kwa kuwa keria ya kujitengenezea inaweza kushindwa hata ikiundwa kwa uangalifu, jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba mtumbwi ufungwe kwenye gari lenyewe na si kwenye keria peke yake. Mikanda miwili ya katikati huushikamanisha na keria. Baada ya hapo lazima pawe na kamba ya omo inayoshuka hadi mbele ya gari na kamba ya tezi, yaani ncha ya nyuma ya mtumbwi, inayoshuka hadi nyuma ya gari. Bampa za plastiki hazifai kufungiwa; kuna tundu au pete ya kuvutia gari chini ya bampa, na pale isipofikika, kitanzi cha mkanda hufungwa kwa bolti ya mwili wa gari iliyo chini ya boneti, kikatokeza nje boneti inapofungwa. Kamba ya mbele ikigawanyika pande mbili, kulia na kushoto, huuzuia pia upepo wa ubavuni usiuzungushe mtumbwi. Zisikazwe hadi mtumbwi upinde. Zinyooke tu, zisicheze.

Kuhusu aina ya kamba, zile za manila za buluu zinazouzwa kwa mita huteleza kwenye fundo na hukauka na kuwa dhaifu zikikaa juani muda mrefu. Nailoni ina nguvu, ila ikilowa hurefuka, na mvua ya Limuru haibishi hodi. Katani nayo hukaza ikilowa na kulegea ikikauka, kwa hiyo anayeitumia huenda akafika Naivasha kwenye jua akiwa na kifungo tofauti na alichofunga Nairobi. Mimi nimechagua mikanda ya poliesta yenye kifungo cha chuma, na chini ya kila kifungo huweka kipande cha zulia kisitoboe faiba. Mkanda uliolazwa bapa hutetemeka na kuvuma kama nzi mkubwa safari nzima, na mtetemo huo ndio unaoula. Ukisokotwa mara moja kabla ya kukazwa hunyamaza. Asiye na mikanda awaendee matanboi wa malori pale Marikiti, awaombe wamwonyeshe fundo lao la kitanzi cha katikati, ambalo mtu mmoja huweza kulikaza kwa nguvu za wawili.

Baada ya kufunga, mimi hushika omo na kuisukuma kushoto na kulia kwa nguvu zangu zote. Gari zima likiyumba pamoja na mtumbwi, naondoka. Mtumbwi ukisogea peke yake, nafungua na kuanza upya hata kama wenzangu wananisubiri. Husimama tena Uthiru kukaza, kwa maana mikanda hulegea kidogo katika kilomita za kwanza, na baada ya hapo sizidi kilomita 80 kwa saa.

Lipo jambo moja la mwisho ambalo madereva wa mitumbwi hulisahau kwa kuwa huangalia mbele. Mtumbwi wa mita tano juu ya gari dogo huchomoza nyuma, na ncha ya tezi huwa karibu na usawa wa uso wa mwendesha bodaboda anayetufuata kwenye foleni. Nawasihi waifunge kitambaa chekundu kipana kisichopeperukia chini ya mtumbwi, na jioni waweke taa, kwa sababu kijana yule akiwa ametupa jicho pembeni hatakuwa na nafasi ya kufunga breki.

Msomaji wako,
Lang'ata, Nairobi