Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: mmenihesabu mara nne, nileteeni majibu

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu kutoka mlango namba 14. Namba hiyo mliiandika wenyewe kwa chaki mwaka 2011, mkaja kuirudia kwa rangi nyekundu 2013, na mpaka leo watoto wa jirani huniita Babu Kumi na Nne. Jina la taasisi yako ya utafiti wa kaya silitaji, kwa heshima. Mnajijua.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya Jumatano iliyopita. Ilikuwa siku ya tatu tangu tumzike mke wangu. Turubai bado liko uani, akina mama wanasugua masufuria ya kukodi. Akaingia binti mmoja, mdadisi wenu, kishikwambi mkononi, ameongozana na mwenyekiti wa kitongoji. Alipoona turubai alitaka kugeuka, mimi ndiye niliyemwambia kaa mwanangu, kwani mwenzako wa 2016 aliondoka bila kumaliza, akarudishwa usiku na msimamizi wake. Simlaumu huyu binti. Ametumwa.

Akafungua orodha. Majina yetu yamo tayari tangu safari iliyopita, la mke wangu ni la pili baada ya langu. Akasoma kwa sauti ndogo: "Bado anaishi katika kaya hii?" Nikamwambia waulize hao waliokaa chini ya turubai. Akabonyeza. Kifaa kikataka mwezi wa kifo, akabonyeza. Kikataka sababu. Kisha likaja lile swali lenu la siku zote: katika siku saba zilizopita, kaya hii imekula mchele kiasi gani? Nyama kiasi gani?

Siku saba hizo, Ndugu Mkurugenzi, tumepika gunia zima la mchele na ng'ombe wa michango. Nimejibu kweli kama nilivyoapishwa. Kwenye hesabu zenu za mwaka huu nitaonekana tajiri. Hongereni kwa kuniondoa kwenye umaskini.

Sasa nikukumbushe. Mwaka 2011 mliniomba ridhaa, mkanisomea karatasi mbele ya mtendaji wa kijiji, kwamba majibu yetu yatasaidia mipango na kwamba "matokeo mtaletewa". Neno hilo nalikumbuka kwa sababu mke wangu alicheka. 2013 mlileta mche wa sabuni. 2016 mlipima wajukuu uzito na urefu, mkalizunguka shamba langu la alizeti na kifaa cha kusoma ramani mpaka mkalikanyaga. Nimewaambia madeni ambayo kaka zangu hawayajui. Mke wangu mlimhoji peke yake chumbani, eti nani anaamua fedha za mavuno zitumikeje. Alichojibu hakuniambia. Ninyi mnacho. Sikiombi, maana najua Sheria ya Takwimu ya 2015 inalinda siri za kaya, na isitoshe, angetaka nijue angeniambia.

Ninachoomba ni matokeo. Yale ya wote.

Msinijibu kwamba kaya chache za kijiji chetu haziwezi kusemea kijiji kizima. Hilo nalielewa, nimefundisha hesabu darasa la saba miaka 22. Basi leteni ya mkoa. Leteni ya kanda. Leteni chochote.

Mpwa wangu aliye chuoni alinionyesha kwenye simu utafiti wa Kagera. Walihoji kaya 915 kati ya 1991 na 1994, wakati Ukimwi unamaliza watu kule, wakitaka kujua kifo cha mtu mzima kinaifanya nini familia. Wakarudi 2004, wakarudi 2010, wakawafuata waliohama hadi mikoa mingine na Uganda. Wakakuta kwamba kufikia 2004 waliohama kijijini kwao matumizi yao yalikuwa yamekua kuliko ya waliobaki, tofauti ya pointi 36 za asilimia. Nilikaa na namba hiyo siku mbili. Kijana wangu mkubwa yuko Mbagala, anaendesha bodaboda, hata ninyi mlimfuata kwa simu. Mdogo amebaki na mimi na jembe. Sasa mama yao hayupo, na huyu mdogo ananiuliza: baba, niende au nibaki? Mnayo miaka kumi na kitu ya watu kama yeye, walioenda na waliobaki. Mimi nina namba ya Kagera ya kuazima, tena ya zamani, ya watu wa migomba na kahawa, wakati sisi huku tunategemea mvua ya mara moja kwa mwaka.

Kwa nini hamrudi na majibu? Nadhani fedha za wafadhili zinatosha kuuliza, zikifika kwenye kujibu zinakuwa zimeisha. Jirani zangu wao wanaamini kwamba orodha yenu ndiyo inayokata watu kwenye mpango wa kaya maskini, na wawili safari hii wamewafungia mlango. Nimewaambia si kweli. Lakini nitawathibitishia kwa karatasi gani?

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, chini ya mkwaju, bure. Tumeni mtu mmoja na karatasi moja ya Kiswahili, abandike nakala kwenye ubao wa mtendaji. Karatasi moja tu. Msipoweza hilo, mwambieni mtendaji kwamba hamtaweza, ili niache kuulizia.

Yule binti aliishia kwenye mifugo, akasema nyingine atauliza kwa simu. Simu yangu iko hewani. Mbuzi ni wanne. Kuku aandike sita, wengine tumewala msibani.

Mkuu wa kaya,
Mlango namba 14