Dawa ya kuzuia maji isipuliziwe bafuni

Mhariri,

Makopo ya kupuliza yanayozuia maji na madoa yameshazoeleka: ya viatu vya ngozi, ya makochi, ya vigae. Tunaomba nafasi kuwaonya wanaoyapulizia ndani, mlango umefungwa.

Wengi hupima hatari kwa harufu, na hapo ndipo wanapokosea. Cha kuangalia ni ukubwa wa tone. Tone kubwa hunasa puani na kooni; lililo chini ya mikroni 10 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) linaweza kuteremka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Vifuko hivyo vimepakwa ute mwembamba unaovizuia visinywee kila tunapotoa pumzi. Polima (kemikali zenye molekuli ndefu) za florini au silikoni zilizomo kwenye dawa hizi zimetengenezwa zitande juu ya kitu na kufukuza maji. Zikifika mapafuni huuvuruga ute huo, vifuko vikanywea, majimaji yakaingia.

Tone la mikroni 10 huanguka kama milimita 3 kwa sekunde, hivyo kutoka usawa wa uso huchukua dakika kama 8 kufika sakafuni. La mikroni 3 huelea saa moja na zaidi. Kwa hiyo hata anayeingia kuoga nusu saa baada ya fundi kuondoka anaweza kuivuta.

Machi 2006 nchini Ujerumani, watu zaidi ya 100 waliripotiwa kuugua baada ya kutumia kopo la Magic Nano, dawa ya kukinga vioo na vigae. Sita walilazwa, mapafu yamejaa maji. Kwa sababu ya jina, lawama ziliangukia chembe za nano, yaani chembe ndogo mno kuliko hata mikroni moja, lakini uchunguzi haukuzikuta. Dawa ya jina hilo yenye pampu ya mkono haikuwa imeleta taarifa kama hizo; shaka ikaelekea kwenye matone laini ya kopo la gesi.

Kwa vigae, basi, nunueni dawa ya maji ya kupaka kwa brashi au sponji, na fundi asiimimine kwenye bunduki ya kompresa ili amalize haraka. Viatu pulizieni nje, upepo ukitoka mgongoni, kisha viacheni hukohuko hadi vikauke kabisa. Barakoa ya kitambaa haisaidii. Sigara izimwe, maana polima za florini zikipita kwenye moto wake hutoa moshi wenye sumu, na gesi ya kopo yenyewe huwaka. Watoto na ndege wa kufugwa wakae mbali.

Dalili huanza baada ya dakika chache au saa kadhaa: kikohozi kikavu, kifua kubana, pumzi fupi, mara nyingi na homa na kutetemeka. Hapa kwetu homa na baridi hufikiriwa malaria kwanza, na mgonjwa asipotaja kopo hakuna atakayeliuliza. Toka nje upate hewa safi, nenda hospitali, na ulibebe kopo lenyewe. Dawa ya kuiondoa sumu hii haipo. Mgonjwa hupewa oksijeni na kuangaliwa, kwa kuwa hali inaweza kuzidi baadaye. Wengi hupona ndani ya siku chache, ila vifo vimewahi kutokea.

Tunaliomba Shirika la Viwango liwatake waagizaji waandike onyo hili kwa Kiswahili, upande wa mbele wa kopo, kwa herufi zinazosomeka.

Wataalamu wa usalama na afya kazini,
Dar es Salaam